Mtunzi na Mfasiri katika Wimbo wa Noeli

Wimbo wa Noeli uitwao kwa Kijerumani Stille Nacht uliimbwa kwa mara ya kwanza kanisani Oberndorf, karibu na Salzburg, tarehe 24 Desemba 1818. Maneno ni ya padre Joseph Mohr. Sauti ni ya mwalimu Franz Xaver Gruber. Wote wawili walisahauliwa upesi, hata wengine wakadhani ni kazi ya Haydn. Mwaka 1854, swali lilipotoka Berlin, Gruber aliandika ushuhuda wake. (Kisa cha kinanda kilichoharibika, wakipendacho sana wahubiri, hakimo humo.) Hati ya mkono wa Mohr iliyopatikana mwaka 1995 ilithibitisha kwamba maneno aliyatunga mwaka 1816.

Kwetu aliyesahauliwa ni mfasiri. Vitabu vya nyimbo mara nyingi havimtaji, ingawa kazi yake ilikuwa nzito: jina lile la Kijerumani lina silabi tatu, na neno letu "usiku" peke yake lina tatu. Waumini wanaoikiri imani yao kwa wimbo huu kila mkesha wa Noeli huikiri kwa maneno aliyoyachagua yeye. Gruber aliulizwa angali hai. Wa kwetu yafaa tuanze kumtafuta katika nyaraka za misheni.