Chikanda: Okidi Zinazovushwa Tunduma

Chikanda ni mlo wa Wabemba wa kaskazini mwa Zambia. Viazi vidogo vya okidi hutwangwa vikawa unga, ukachanganywa na unga wa karanga, magadi na pilipili, ukapikwa hadi ukagandamana, kisha ukakatwa vipande kama mkate. Zamani watu walichimba cha kuwatosha jirani na vijiji vyao. Mlo huo ulipopendwa mijini na watu wa makabila mengine, okidi za Zambia zikaadimika, na wanunuzi wakageukia Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Tunduma, mji wa mpakani, ikawa mlango wa biashara hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi vinavyofikia milioni 4 vilivushwa kila mwaka.

Wapo wanaosema mila hiyo iliharibika pale wageni walipoionja. Sikubaliani nao. Mila inaweza kuenea bila kuharibika: Wajapani waliiga kwa Wachina desturi ya kustarehe chini ya miti yenye maua, wakianza na mplamu kabla ya kuhamia kwenye mcheri. Katika miaka ya 1720 mtawala wao, Tokugawa Yoshimune, aliamuru micheri ipandwe Asukayama, katika mji ambao leo ni Tokyo, ili hata watu wa kawaida wapate pa kustarehe. Leo wageni wa kila taifa huketi pale, na miti ipo, kwa sababu kuna anayeipanda. Okidi haina mpandaji. Chini ya shina lake mna viazi viwili, kimoja kinalisha ua la mwaka huu, kingine ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hung'oa vyote, mara nyingi kabla mbegu hazijakomaa.

Nitaambiwa kwamba mchimbaji wa Makete, katika nyanda hizo, ana ada za shule za kulipa. Ni kweli, na ndiyo maana katazo peke yake halitoshi. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa huko mwaka 2005, inalinda maua yaliyomo ndani ya mipaka yake, lakini haipunguzi hamu ya mlaji wa Lusaka. Mchimbaji huhamia mlima mwingine. Kuotesha okidi ni kazi ngumu, kwani mbegu yake haina akiba ya chakula na hutegemea kuvu wa udongoni ili iote. Hata hivyo, fedha za utafiti zielekezwe huko, na wafanyabiashara wa Tunduma washirikishwe tangu mwanzo: wao wanajua ni aina ipi hutoa chikanda inayoganda vizuri, na mnunuzi yuko tayari kuilipia kiasi gani.