Majira ya kununua nguo Kisangani

Majira ya kununua nguo ni desturi ya kupanga manunuzi ya mavazi kwa kufuata kupanda na kushuka kwa bei ndani ya mwaka, ili familia ipate nguo ileile kwa fedha pungufu. Katika nchi za baridi majira hayo hufuata hali ya hewa. Ufaransa, sheria yenyewe huweka vipindi viwili vya kuuza kwa bei ya chini, Januari na mwishoni mwa Juni, na tangu 2020 kila kimoja hudumu wiki 4. Muuzaji wa Paris hana budi kuyaondoa makoti kabla ya joto kuingia. Kisangani, makao makuu ya jimbo la Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haina sababu hiyo. Mji uko kilomita zisizofika 60 kaskazini mwa ikweta, mvua hunyesha miezi yote, na shati la Januari ndilo shati la Julai. Bei ya nguo hapa huamuliwa na sikukuu, kengele ya shule, na hali ya njia inayoleta mzigo.

Mzigo na matope

Sehemu kubwa ya nguo mpya na vitambaa kutoka China na Dubai hushuka bandari ya Mombasa, huvuka mpaka wa Kasindi, na kupitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Butembo na Beni. Kutoka huko malori hufuata Barabara ya Taifa namba 4: Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, hadi Kisangani. Mzigo mwingine hupanda Mto Kongo kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700, ndani ya majahazi ya chuma au zile mashua za mbao zinazoitwa baleniere, safari inayoweza kula wiki kadhaa. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 njia hiyo ya mto ilikatika kwa muda mrefu, na wenyeji walijionea jinsi nguo inavyogeuka anasa pale njia inapofungwa.

Mvua kubwa zaidi huanguka kati ya Septemba na Novemba. Ndiyo miezi ambayo wauzaji wa Soko Kuu la Makiso hujaza maghala kwa ajili ya Noeli, na ndiyo miezi ambayo lori huzama kwenye matope ya msitu wa Ituri. Kila siku ya lori kukwama huongezwa juu ya bei ya suruali. Januari na Februari mambo hugeuka: mvua hupungua, barabara hupitika kwa nafuu, na mifuko ya watu imekauka baada ya Noeli na Bonana, yaani Mwaka Mpya. Muuzaji aliyebakiwa na magauni ya watoto anahitaji fedha ili aagize upya, kwa hiyo husikiliza bei ambayo Desemba 20 angeikataa. Hakuna miezi mingine ambayo sababu mbili hizi, ya njia na ya mfuko, hukutana hivyo.

Vilele vya mwaka

Kilele cha kwanza ni Septemba. Shule hufunguliwa mwanzoni mwa mwezi huo, na sare ya taifa ni shati jeupe na suruali au sketi ya buluu. Tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019 watoto wengi zaidi wanahitaji sare hiyo, na wiki mbili za mwisho wa Agosti mafundi wa kushona hufanya kazi mpaka usiku. Sare hushonwa kwa nafuu Julai, mara baada ya shule kufungwa. Tatizo ni kwamba mtoto hukua. Dawa yake ni pindo refu la suruali na kiuno chenye kitambaa cha akiba.

Noeli ndicho kilele kikubwa, kwa sababu mzazi huona haya mtoto wake akienda kanisani na nguo ya zamani. Kisha inakuja tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, ambapo vikundi, ofisi na masoko hushona kikwembe, yaani kitenge, cha aina moja. Kitambaa kilichochapwa mwaka juu yake hushuka thamani kesho yake. Anayetaka shuka la kitanda au nguo ya shambani akitafute tarehe 9. Waislamu wa mji, jamii yenye mizizi tangu siku za mfanyabiashara Tippu Tip, wana Idi, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na hivyo haina mwezi wake katika kalenda ya bei.

Mitumba ina mwendo wake mwenyewe, ambao hupimwa kwa saa. Robota, ambalo wengi huliita balo, kwa kawaida huwa na kilo 45. Asubuhi linapofunguliwa, wachuuzi na wateja wa kwanza huchagua nguo bora na kuzilipia vizuri. Jioni zinabaki zenye doa na zilizokosa kifungo, kwa bei ya kutupa. Mwenye kujua sindano hununua jioni.

Fedha ya kununulia

Kujua mwezi wa bei nafuu hakutoshi. Januari, nguo inaposhuka, ndipo karibu kila mtu hana kitu. Likelemba, mchango wa zamu ambao kila mwanachama hupokea fungu lote kwa siku yake, hutatua hilo iwapo mtu ataomba zamu ya Januari au Februari. Wengi huomba Desemba, na hapo ndipo akiba yao inapopotelea.

Kuweka faranga ndani ya nyumba kuna hatari nyingine. Jumla huhesabiwa kwa dola, rejareja hulipwa kwa faranga, na faranga ikianguka bei ya dukani hupanda usiku mmoja. Akina mama wa Kisangani wana jibu la zamani, tena la busara: wanaweka akiba kwa kitambaa. Kikwembe cha yadi 6 hutoa mapande 3, na kikiwa waksi halisi ya Vlisco, kampuni ya Helmond nchini Uholanzi iliyoanzishwa 1846, hukaa sandukuni miaka mingi bila kupoteza thamani, kikisubiri harusi, mahari au msiba. Sotexki, kiwanda cha nguo cha mji huu kilichoanza miaka ya 1970, kilizipatia nyumba nyingi vikwembe vya bei ya kawaida. Vita, umeme usio wa uhakika na vitambaa vya bei rahisi kutoka China vimekidhoofisha. Ni hasara kwa mnunuzi pia, maana kitambaa kilichofumwa Kisangani hakina matope ya Nia-Nia ndani ya bei yake.

Mwaka 2027 Idi al-Fitri inatarajiwa siku moja au mbili tu baada ya 8 Machi. Mafundi wa mji watapokea kazi za sikukuu zote mbili kwa pamoja. Mwenye kitambaa chake akipeleke kabla ya Januari kwisha.