Biashara ya Kaboni: Manufaa kwa Hali ya Hewa, Jamii na Bioanuwai, na Haki za Mwananchi Kisheria

Katika Ghuba ya Gazi, kaunti ya Kwale, wakazi wa vijiji vya Gazi na Makongeni hupata fedha kutokana na mikoko ambayo haijakatwa. Mradi wao, Mikoko Pamoja, ulianza kuuza hati za kaboni mwaka 2013, na unatambuliwa kuwa mradi wa kwanza duniani unaoendeshwa na jamii kuuza hati zinazotokana na uhifadhi wa mikoko. Eneo lenyewe si kubwa: ni hekta 117 tu. Hata hivyo mambo mengi ambayo mwananchi anahitaji kuyafahamu kuhusu miradi ya kaboni yanaonekana hapo kwa uwazi kuliko katika miradi mikubwa zaidi.

Tangu Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ifanyiwe marekebisho mwezi Septemba 2023, miradi ya namna hii ina masharti mahususi ambayo wenye ardhi, hasa ardhi ya jamii, wanapaswa kuyajua kabla ya kutia sahihi mkataba wowote. Makala haya yanaeleza jinsi miradi hiyo inavyofanya kazi, faida zake, mahali ambapo huweza kwenda kombo, na haki ambazo sheria imeziweka.

Hati ya kaboni ni nini

Hati moja ya kaboni huwakilisha tani moja ya hewa ukaa iliyozuiwa isiingie angani, au iliyoondolewa angani na kuhifadhiwa. Kampuni, taasisi au mtu binafsi ambaye hawezi kuondoa uchafuzi wake wote hununua hati hizo ili kufidia sehemu iliyobaki. Kwa hiyo bidhaa inayouzwa haionekani kwa macho wala haipimwi kwa mizani sokoni. Thamani yake yote inategemea ukweli wa hesabu.

Hesabu hiyo huanza kwa swali moja: bila mradi, ni nini kingetokea? Ikiwa msitu ungebaki salama hata pasipo mradi, basi hakuna tani iliyookolewa na hakuna cha kuuza. Swali la pili ni kama ukataji umehamia msitu wa jirani, maana mti ukiokolewa Gazi na mwingine ukaangushwa kwingine kwa ajili ya mahitaji yale yale, anga halijapata nafuu yoyote. La tatu ni la muda: kaboni iliyohifadhiwa leo inaweza kurudi angani kwa moto, ukame au mashoka. Ndiyo maana viwango vinavyotambulika kimataifa, kama vile Plan Vivo, Gold Standard na vile vya Verra, hutaka mkaguzi asiyekuwa na masilahi katika mradi athibitishe hesabu, na miradi ya misitu huweka kando sehemu ya hati kama akiba isiyouzwa.

Mikoko ya Gazi

Mikoko inafaa kwa kazi hii kwa sababu ya tope lake. Majani na mizizi inayokufa huzama katika udongo uliojaa maji ya chumvi, ambamo hewa ya oksijeni ni haba, hivyo kuoza kwake huwa kwa polepole mno. Kaboni hujilimbikiza humo kwa karne nyingi. Kwa ukubwa ule ule wa eneo, msitu wa mikoko huweza kuhifadhi kaboni mara kadhaa zaidi ya misitu mingi ya nchi kavu, na sehemu kubwa ya hazina hiyo imo ardhini wala si katika shina. Mikoko ikikatwa na tope likaachwa wazi kwa jua, hazina hiyo huanza kupotea.

Gazi inalijua jambo hili kwa uzoefu. Katika miaka ya 1970 sehemu ya mikoko ya ghuba hiyo ilikatwa kwa ajili ya kuni za viwandani, na baadhi ya maeneo yakabaki matupu, bila miche kuota yenyewe. Upandaji wa majaribio chini ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Takwimu zilizokusanywa katika miaka iliyofuata, na watafiti wa taasisi hiyo akiwamo Dkt. James Kairo pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier cha Scotland, ndizo zilizowezesha hesabu ya kaboni kufanyika kwa uhakika. Hili husahaulika mara nyingi: kabla ya hati ya kwanza kuuzwa, palikuwa na takriban miaka ishirini ya kupima, kupanda na kusubiri.

Mradi umeidhinishwa kwa kiwango cha Plan Vivo kwa kipindi cha miaka 20, na hukadiriwa kuokoa takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Msitu wenyewe ni mali ya umma. Jamii inausimamia kwa makubaliano na shirika la serikali la huduma za misitu, KFS. Ili ukataji usihamie kwingine, mivinje imepandwa nchi kavu kwa ajili ya nguzo na kuni. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa hakuna mlinzi awezaye kumzuia mtu anayehitaji kupika chakula cha jioni.

Fedha zinazopatikana huamuliwa matumizi yake na wanakijiji wenyewe kupitia kamati waliyoichagua na mikutano ya hadhara. Zimetumika kusambaza maji safi na kununua vitabu vya shule, pamoja na kuendeleza upandaji wa mikoko. Kiwango cha Plan Vivo hutaka angalau asilimia 60 ya mapato ya mauzo yawafikie wahusika wa mashinani. Mwaka 2017 mradi ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta, inayotolewa chini ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP.

Ni vyema, hata hivyo, kuwa na matarajio ya kadiri. Tuchukue mfano wa hesabu tu: tani 3,000 zikiuzwa kwa shilingi 1,000 kila moja, mapato ni shilingi milioni 3 kwa mwaka, ambazo hugawanywa kati ya gharama za uendeshaji na vijiji viwili. Kiasi hicho kinaweza kuleta bomba la maji, lakini hakiwezi kuwa mshahara wa kila kaya. Anayewaahidi wanakijiji utajiri wa haraka kutokana na hekta mia moja za msitu anapaswa kuombwa aonyeshe hesabu yake.

Viumbe ndani ya msitu

Kenya ina aina tisa za mikoko, na zote hupatikana Gazi. Kati ya mizizi yake samaki wachanga, kamba na kaa hupata maficho kabla ya kuhamia majani ya bahari na miamba ya matumbawe, kwa hiyo mvuvi anayevua nje ya ghuba naye ananufaika ingawa hajawahi kupanda mche hata mmoja. Mikoko pia hupunguza nguvu ya mawimbi na kuzuia mmomonyoko wa fukwe. Kikundi cha akina mama wa Gazi kimejenga njia ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya msitu, na wageni hulipa ili kuitembelea.

Mfano wa Gazi umeenea kusini zaidi hadi Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, ambako vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vinahifadhi zaidi ya hekta 400 za mikoko kwa utaratibu unaofanana na huo.

Kwa upande wa nchi kavu, mradi wa Kasigau katika kaunti ya Taita Taveta unahusu takriban hekta 200,000 za msitu mkavu kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani, miongoni mwa miradi ya kuzuia ukataji wa misitu, kupata hati chini ya kiwango cha VCS. Manufaa yake kwa bioanuwai yanatokana na mahali ulipo: ndovu na wanyama wengine hupita hapo wakielekea upande mmoja au mwingine wa Tsavo, na uchomaji makaa ukiikata njia hiyo, mbuga mbili hugeuka visiwa.

Pale hesabu inapokosewa

Si kila hati ina uzito sawa. Miradi ya majiko yanayotumia kuni kidogo ina manufaa ya wazi kwa afya ya wapishi na kwa misitu, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Sustainability ulionyesha kwamba miradi iliyochunguzwa ilikuwa imehesabu kaboni iliyookolewa kwa wastani mara tisa hivi zaidi ya uhalisia. Sababu kubwa ilikuwa makadirio ya juu kuhusu kiasi cha kuni kilichokuwa kikitumika awali na kuhusu watu wangapi walikuwa wakiendelea kulitumia jiko jipya. Kosa la namna hiyo humrudia mwananchi: wanunuzi wakikosa imani bei hushuka, na hata mradi wa kweli hukosa soko.

Kosa la aina nyingine ni la ridhaa. Mwezi Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti hiyo zilianzishwa kinyume cha sheria, bila ushirikishwaji wa kutosha wa wananchi. Moja kati yake ilikuwa sehemu ya mradi mkubwa wa kaboni wa nyika za malisho za kaskazini mwa Kenya. Kwa mfugaji, masharti ya lini na wapi mifugo ilishwe si jambo dogo la kiufundi; ni suala la riziki yake, hasa msimu wa kiangazi.

Sheria inavyosema

Chini ya marekebisho ya mwaka 2023, mradi wa kaboni unaofanyika katika ardhi ya umma au ya jamii ni lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Kwa miradi inayotegemea ardhi, kama ile ya misitu na malisho, jamii inastahili angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kwa miradi isiyotegemea ardhi, kiwango ni asilimia 25. Mradi unapaswa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na kuandikishwa katika sajili ya kitaifa ya kaboni. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ndiyo iliyopewa jukumu la kuidhinisha. Kanuni za masoko ya kaboni za mwaka 2024 zinafafanua utaratibu huo.

Asilimia peke yake haitoshi kumlinda mtu. Mradi ukiingiza shilingi milioni 10 na gharama zikawa milioni 6, asilimia 40 ya mapato yote ni shilingi milioni 4. Asilimia 40 ya kilichobaki baada ya gharama ni shilingi milioni 1.6. Jamii inayojadiliana na mwekezaji iulize mapema ni gharama zipi zinazokatwa, nani anazikagua, bei ya mauzo itafahamikaje kijijini, na mkataba utapitiwa upya baada ya muda gani.

Pamoja na hayo, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inataka makubaliano yoyote na mwekezaji yapitishwe na theluthi mbili ya wanajamii watu wazima katika mkutano ulioitishwa kwa ajili hiyo. Sahihi za viongozi wachache, hata wanaoheshimika, hazitoshelezi sharti hilo. Jamii ambayo ardhi yake bado haijasajiliwa inashauriwa kuanza na usajili, kwa sababu asiye na hati ya ardhi hujadiliana akiwa mnyonge.

Kuna pia upande wa taifa. Chini ya Ibara ya 6 ya Mkataba wa Paris wa mwaka 2015, tani iliyouzwa kwa nchi nyingine ili kutimiza ahadi za nchi hiyo haiwezi kuhesabiwa tena na Kenya, ambayo iliahidi kupunguza hewa chafuzi kwa asilimia 32 ifikapo mwaka 2030. Ndiyo sababu uuzaji wa aina hiyo huhitaji kibali cha serikali, na si jambo la mwenye mradi na mnunuzi pekee.

Mzozo ukitokea, hatua ya kwanza ni utaratibu wa usuluhishi uliokubaliwa ndani ya mkataba. Usipotatuliwa hapo, mlalamikaji anaweza kuupeleka mbele ya jopo la kitaifa linalosikiliza mizozo ya mazingira. Nakala ya mkataba huhitajika katika hatua zote mbili. Kwa hiyo wanajamii wahakikishe kwamba nakala moja inabaki kijijini, mahali ambapo yeyote kati yao anaweza kuisoma.