Bunge la Ufilipino: Uhuru Ulioandikwa kwa Sheria

Tarehe 16 Oktoba ina uzito wa pekee katika historia ya Bunge la Ufilipino. Siku hiyo mwaka 1907 wawakilishi wa kwanza waliochaguliwa na Wafilipino chini ya utawala wa Marekani walifungua baraza lao jijini Manila. Miaka tisa baadaye, tarehe hiyo hiyo, Seneti nayo ikaanza kazi. Tangu hapo hadi 4 Julai 1946, siku nchi ilipokabidhiwa madaraka, madai ya uhuru yalipita mikononi mwa taasisi hii: miswada, maazimio, kura, na wajumbe waliopanda meli kwenda Washington. Wafilipino wana haki ya kujivunia historia hiyo. Wana haki pia ya kuihoji, kwa kuwa sheria zilizouleta uhuru ndizo zilizoufunga kwa masharti.

Mwanzo: Malolos, 1898

Kabla ya Bunge lililoanzishwa na Wamarekani kulikuwa na Bunge la wanamapinduzi walioiasi Uhispania. Tarehe 15 Septemba 1898, katika kanisa la Barasoain mjini Malolos, mkoa wa Bulacan, wajumbe wa serikali ya Emilio Aguinaldo walikutana kutunga katiba. Wengi wao walikuwa wasomi na watu wenye mali. Rasimu iliyofanyiwa kazi ilikuwa ya mwanasheria Felipe Calderón, aliyetaka Ukatoliki uwe dini ya dola. Wajumbe waligawanyika nusu kwa nusu kuhusu jambo hilo, na mwishowe dini ikatenganishwa na serikali kwa tofauti ya kura moja tu. Jamhuri ilizinduliwa tarehe 23 Januari 1899.

Wakati huo hatima ya visiwa ilikuwa imeshapangwa kwingine. Kwa mkataba wa Paris wa 10 Desemba 1898, Uhispania iliikabidhi Marekani Ufilipino kwa dola milioni 20. Mjumbe wa Wafilipino, Felipe Agoncillo, alifika Paris lakini hakuruhusiwa kuketi kwenye mazungumzo. Vita na Marekani vikalipuka 4 Februari 1899. Bunge la Malolos likasambaratika, na Machi 1901 Aguinaldo akakamatwa. Njia ya bunduki ilikuwa imeshindwa.

Baraza la 1907

Kuanzia Septemba 1900 sheria za nchi zilitungwa na Tume iliyoongozwa na William Howard Taft. Mwanzoni wajumbe wake wote walikuwa Wamarekani; mwaka uliofuata wakaongezwa Wafilipino watatu. Sheria ya Bunge la Marekani ya 1902 iliahidi baraza la kuchaguliwa, ila kwa sharti kwamba kwanza pawe na amani na sensa ya watu ifanyike.

Uchaguzi ulifika tarehe 30 Julai 1907. Wapiga kura walikuwa wanaume wa miaka 23 na kuendelea, tena waliowahi kushika wadhifa chini ya Wahispania, au wenye mali, au wanaojua kusoma na kuandika Kihispania au Kiingereza. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni saba, waliojiandikisha hawakufika 105,000. Wanawake hawakuhusika, na mkulima wa kawaida aliachwa nje. Hata hivyo kura za hao wachache ziliwashangaza watawala. Chama cha Nacionalista, kilichodai uhuru wa haraka, kilipata viti 59 kati ya 80. Progresista, waliokuwa karibu na Wamarekani, waliambulia 16.

Mwezi uliofuata Tume ilipitisha sheria iliyofanya kupeperusha bendera ya mapinduzi kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo Taft, aliyekuwa sasa Waziri wa Vita wa Marekani, alipokuja kufungua Baraza katika jumba la opera la Manila, wabunge waliochaguliwa kwa ahadi ya uhuru waliapishwa katika nchi ambayo bendera yake ilikuwa marufuku. Wakamchagua Sergio Osmeña wa Cebu kuwa Spika. Alikuwa na umri wa miaka 29. Kiongozi wa wabunge wa chama tawala alikuwa Manuel Quezon, wa umri huo huo. Wawili hawa waliiongoza siasa ya nchi kwa karibu miaka 40, mara wakishirikiana, mara wakihasimiana.

Sheria ya kwanza ya Baraza ilihusu shule. Muswada wa mbunge Isauro Gabaldon ulitenga peso milioni moja kujenga shule za vijijini, nacho kila kijiji kikatakiwa kuchangia. Majengo yalifuata ramani za pamoja: vyumba vilivyoinuliwa juu ya nguzo, paa refu na madirisha makubwa ya kupitisha upepo. Baadhi yanatumika hadi leo, na sheria ya kuyahifadhi ilitiwa saini mwaka 2019. Mwaka 1908 kikafuata Chuo Kikuu cha Ufilipino.

Madaraka ya Baraza yalikuwa na mipaka. Kila muswada ulipaswa kupita kwa Tume, ambako Wamarekani walikuwa wengi. Bajeti nayo haikuweza kutumiwa kama silaha: Baraza likikataa kuipitisha, ile ya mwaka uliotangulia iliendelea kutumika. Kilichobaki kwa wabunge kilikuwa sauti, nao waliitumia. Kikao cha kwanza kilipokuwa kikifungwa, Juni 1908, Osmeña alitamka kwa niaba ya Baraza kwamba Wafilipino wanataka uhuru na wanaweza kujitawala.

Ahadi ya 1916

Tangu 1909 Quezon alikuwa Washington kama mjumbe wa Ufilipino katika Bunge la Marekani, mwenye haki ya kusema bila kupiga kura. Kazi yake ilizaa Sheria ya Jones ya 29 Agosti 1916. Kwa mara ya kwanza Marekani iliahidi kwa maandishi kuviachia visiwa mara serikali imara itakapopatikana. Tume ikaondolewa katika utungaji wa sheria, nafasi yake ikachukuliwa na Seneti ya watu 24 yenye Quezon kama rais. Mwaka 1919 Bunge likafuta marufuku ya bendera.

Gavana Jenerali, Mmarekani, alibaki na kura ya turufu, na uzito wake ulionekana alipokuja Leonard Wood mwaka 1921. Wood alirudisha miswada mingi na kuingilia kazi za mawaziri, hadi Julai 1923 mawaziri wa Kifilipino wakajiuzulu kwa pamoja. Maneno “serikali imara” yaligeuka kuwa kamba: kila wajumbe walipokwenda Washington kudai ahadi, waliambiwa nchi bado.

Sheria mbili na katiba moja

Kilichoifungua kamba hiyo kilikuwa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Wakulima na wafugaji wa Marekani walichoshwa na ushindani wa sukari na mafuta ya nazi kutoka Ufilipino, na vyama vya wafanyakazi havikutaka wahamiaji wa Kifilipino. Ghafla uhuru ukapata marafiki wapya. Osmeña na Spika Manuel Roxas walirudi kutoka Washington na sheria ya uhuru iliyopitishwa Januari 1933 licha ya turufu ya Rais Hoover wa Marekani. Quezon akaipinga, hasa kwa sababu iliiruhusu Marekani kubaki na kambi za kijeshi, na pia kwa sababu sifa ingekwenda kwa wapinzani wake. Roxas akaondolewa uspika, na Oktoba 1933 Bunge likaikataa sheria hiyo. Quezon akaenda mwenyewe, akarudi na Sheria ya Tydings-McDuffie ya 24 Machi 1934, ambayo kwa sehemu kubwa ilifanana na ile ya kwanza. Kipindi cha mpito kilikuwa miaka 10. Wafilipino wanaoruhusiwa kuhamia Marekani wakawekwa 50 kwa mwaka.

Bunge la Katiba la wajumbe 202, chini ya Claro M. Recto, lilifanya kazi kuanzia Julai 1934 hadi Februari 1935. Wananchi waliikubali katiba tarehe 14 Mei 1935, na Novemba Quezon akaapishwa rais wa serikali ya mpito, Osmeña akiwa makamu wake. Katiba iliwawekea wanawake mtihani: wangepata kura endapo wanawake 300,000 wangeitaka katika kura ya maoni. Tarehe 30 Aprili 1937 waliosema ndiyo walikuwa 447,725.

Vita, uhuru na bei yake

Wajapani waliingia Manila Januari 1942. Quezon alifia uhamishoni Marekani mwaka 1944. Katika vita vya kuikomboa Manila, Februari 1945, mizinga ililibomoa jengo la Bunge, kazi ya msanifu Juan Arellano. Bunge lilipokutana tena Juni mwaka huo, lilikalia jengo la iliyokuwa shule ya Kijapani.

Bendera ya Marekani ilishushwa 4 Julai 1946, Roxas akiwa rais. Ila sheria ya biashara iliyopitishwa Washington iliitaka Ufilipino ibadili katiba yake, iwape Wamarekani haki sawa na raia katika mali asili. Mabadiliko hayo yalihitaji robo tatu ya kura. Maseneta watatu na wabunge kadhaa wa upinzani, Luis Taruc akiwa mmojawao, walizuiwa kukalia viti vyao. Wangehesabiwa, idadi isingetimia. Mwaka uliofuata mkataba wa kambi za kijeshi ukatiwa saini. Hicho ndicho kipindi cha aibu zaidi katika kumbukumbu za taasisi hii, na hakuna sherehe inayoweza kukiruka.

Jengo la Arellano lilijengwa upya. Humo, tarehe 16 Septemba 1991, Seneti chini ya Jovito Salonga iliukataa mkataba mpya wa kambi kwa kura 12 dhidi ya 11. Majeshi ya Marekani yaliondoka kambi ya Subic tarehe 24 Novemba 1992. Bunge lililoasisiwa na watawala wa kigeni ili liwafundishe Wafilipino subira ndilo lililowaonyesha mlango, nao wakatoka miaka 85 baada ya kikao chake cha kwanza.