Mlo wa kila siku wa Wajapani: Wali ndio chakula, vingine ni vitoweo

WAKAZI wengi wa mijini wakitajiwa chakula cha Japani hufikiria sushi, yaani tonge la wali lenye kipande cha samaki mbichi juu yake. Hata hivyo, sushi si mlo wa kila siku nchini humo. Chakula cha kawaida cha nyumbani ni bakuli la wali mweupe, bakuli la supu na vitoweo vichache, mpango unaoitwa ichiju sansai, maana yake supu moja na vitoweo vitatu.

Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu kuelewa uzito wa jambo hili. Kama sisi tunavyotofautisha mpunga, mchele na wali, Wajapani nao husema ine, kome na gohan. Neno gohan lina maana ya wali na vilevile mlo: wa asubuhi ni asagohan, wa mchana hirugohan, na wa jioni bangohan.

Wali huo hupikwa kwa maji matupu, bila mafuta, nazi wala chumvi. Chumvi hutoka kwenye vitoweo: samaki wa kuchoma, achari ya mboga, na miso, ambayo ni soya iliyopondwa na kuchachushwa. Supu ya miso hupikwa kwa dashi, mchuzi mwepesi wa mwani mkavu na samaki jamii ya jodari, aliyekaushwa hadi akawa mgumu kama ubao, kisha akaparuzwa vipande vyembamba mithili ya karatasi. Ni katika mwani huo ambamo mwanakemia Kikunae Ikeda wa Tokyo aligundua, mwaka 1908, chanzo cha ladha aliyoiita umami.

Kuna pia natto, soya iliyochacha inayovutika kama mlenda na yenye harufu kali. Hata Wajapani wenyewe hawakubaliani kuihusu.

Mchana wengi hula tambi za soba au udon, ama wali kwa mchuzi wa kari, ambao uliingia Japani katika karne ya 19 kupitia kwa Waingereza.

Pamoja na heshima hiyo yote, wali umepoteza nafasi yake. Mwaka 1962 Mjapani mmoja alikula wastani wa kilo 118 za mchele. Siku hizi hafikishi hata nusu ya kiasi hicho. Sababu moja ni shule. Chakula cha shuleni kiliwekewa sheria mwaka 1954, lakini watoto walilishwa mkate, na wali uliingizwa rasmi mwaka 1976 tu. Kizazi hicho kilipokuwa na familia, mkate ulibaki mezani. Mwaka 2011, kwa mara ya kwanza, takwimu za serikali zilionyesha kaya zikitumia fedha nyingi zaidi kununua mkate kuliko mchele. Miaka miwili baadaye, UNESCO iliuingiza upishi wa Kijapani katika orodha ya urithi wa binadamu.

Lakini asidhani mtu kwamba mchele umekuwa kitu kidogo. Katika mwaka 2025 bei ya mfuko wa kilo tano ilipita yeni 4,000, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, na serikali ikalazimika kufungua maghala ya akiba. Mwezi Mei Waziri wa Kilimo, Taku Eto, alisema hajawahi kununua mchele kwa kuwa wafuasi wake humpa wa kutosha. Alijiuzulu siku chache baadaye.