Waylon Jennings na Familia Yake: Uasi Ulioanzia Kwenye Mkataba

Muziki wa kantri, uliotokana na nyimbo za watu wa mashambani wa Kusini mwa Marekani na kutandazwa nchi nzima na redio na kampuni za santuri kuanzia miaka ya 1920, ulipitia katika muongo wa 1970 kipindi kinachoitwa kantri ya waasi, ambacho mara nyingi husimuliwa kwa habari za ndevu, kofia nyeusi na dawa za kulevya huku chanzo chake kikiachwa kando. Chanzo hicho kilikuwa suala la kazi na malipo, kwa maana ya nani achague nyimbo, nani azipige, zirekodiwe katika studio gani, na neno la mwisho liwe la nani kabla santuri haijafika dukani. Waylon Jennings alilidai neno hilo la mwisho akalipata, na ili kuelewa lilimgharimu nini ni lazima kumtazama pamoja na mkewe, Jessi Colter, na mtoto wao, Shooter Jennings, kwa sababu katika nyumba hiyo kazi na familia havikutengana.

Jennings alizaliwa tarehe 15 Juni 1937 Littlefield, mji mdogo wa wakulima wa pamba magharibi mwa jimbo la Texas, katika familia iliyoishi kwa vibarua vya mashambani kabla baba yake hajafungua duka la maziwa mjini. Jina lake liliandikwa kwanza Wayland, lakini mhubiri mmoja wa Kibaptisti alipompongeza mama yake akidhani kwamba mtoto amepewa jina la chuo cha Wabaptisti kilichokuwa Plainview, mama huyo, ambaye alikuwa muumini wa Kanisa la Kristo, aliona ni heri abadilishe herufi kuliko mwanawe ahesabiwe katika dhehebu la wengine. Ni mama huyohuyo aliyemfundisha gitaa akiwa na umri wa miaka 8. Shule ilimshinda mapema, akaiacha akiwa na miaka 16, na riziki yake ikawa ya kuchuma pamba, kufanya kazi za mkono na kutangaza katika vituo vidogo vya redio, ambako alizoea kuwapigia wasikilizaji haohao kantri pamoja na rokenroli, ingawa wenye vituo walipendelea kila muziki ukae mahali pake.

Katika mji wa Lubbock, ambako Jennings alikuwa mtangazaji wa kituo cha KLLL, ndipo alipoingia katika mzunguko wa Buddy Holly, kijana wa mji huo aliyekuwa tayari nyota wa rokenroli. Mwaka 1958 Holly alisimamia kurekodiwa kwa wimbo wa kwanza wa Jennings, Jole Blon, ambao maneno yake ni ya Kifaransa cha Louisiana, lugha ambayo hakuna kati yao aliyeielewa, hivyo Jennings akaimba kwa kufuata sauti tu. Majira ya baridi yaliyofuata Holly alimchukua apige gitaa la besi katika ziara ya majimbo ya kaskazini, iliyosafiri kwa mabasi mabovu yasiyo na joto la kutosha, kiasi kwamba mpiga ngoma alilazwa hospitali kwa miguu iliyoumizwa na baridi. Baada ya onyesho la Clear Lake, Iowa, Holly alikodi ndege ndogo, na Jennings akamwachia nafasi yake mwimbaji J. P. Richardson, aliyekuwa anaumwa mafua. Usiku huo Holly na Jennings walitaniana, mmoja akiliombea basi ligande njiani na mwingine akiiombea ndege ianguke. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 1959 ndege ilianguka na kuwaua Holly, Richardson, mwimbaji Ritchie Valens na rubani. Jennings alikuwa na umri wa miaka 21, na utani ule aliubeba kwa miaka mingi kama kosa. Kutoka kwa Holly alibaki pia na fundisho ambalo lingemtia matatani baadaye, kwamba mwimbaji anaweza kuwa na bendi yake, sauti yake na maamuzi yake mwenyewe ndani ya studio.

Miaka michache baadaye alihamia Arizona, na kuanzia mwaka 1964 akawa mwanamuziki wa kudumu wa JD's, klabu ya ghorofa mbili karibu na Phoenix, ambako wanafunzi wa chuo kikuu, wachunga ng'ombe na wafanyakazi wa ofisini walicheza pamoja. Mwimbaji Bobby Bare alimsikia akipita huko, akampigia simu Chet Atkins, mkuu wa ofisi ya kampuni ya RCA huko Nashville, na mwaka 1965 Jennings akasaini mkataba.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki ambaye redio ya nyumbani kwao ilimzoesha Jim Reeves anaujua vizuri muziki ambao Jennings aliukuta Nashville, kwa kuwa Atkins ndiye aliyekuwa msimamizi wa rekodi za Reeves na mmoja wa waasisi wa mtindo huo, ambao uliondoa fidla na sauti kali za vijijini, ukaweka vinanda vya taratibu, ala za nyuzi za okestra na kwaya ya nyuma ili kantri iuzike mjini. Mtindo huo ulikuwa na uzuri wake, na hakuna sababu ya kuudharau. Tatizo lilikuwa katika utaratibu uliouzalisha, kwani vipindi vya kurekodi vilikuwa vya saa 3, kila kipindi kikitarajiwa kutoa nyimbo 3 au 4, na wapigaji walikuwa kundi dogo la mafundi wa kuajiriwa ambao walipiga karibu kila santuri iliyotoka mjini humo, wakati bendi ya mwimbaji mwenyewe, iliyoujua mwendo wake baada ya mamia ya usiku jukwaani, iliachwa nje. Msimamizi wa kampuni ndiye aliyechagua nyimbo, na wasanii wa RCA walitakiwa kurekodi katika studio za RCA pamoja na mafundi mitambo wa RCA. Baadhi ya rekodi za Jennings za miaka hiyo ni nzuri, na mwaka 1970 alipata tuzo ya Grammy kwa wimbo MacArthur Park alioimba na kundi la The Kimberlys, lakini mtu aliyemsikia jukwaani kisha akaiweka santuri yake nyumbani alisikia watu wawili tofauti.

Mwaka 1972 mambo yalifika ukingoni. Jennings alilazwa kwa homa ya ini, akiwa na madeni na nia ya kuacha muziki, na mpiga ngoma wake, Richie Albright, akamshauri kwamba ipo njia nyingine ya kufanya kazi, ile ambayo wanamuziki wa roki walikuwa wanaifuata tayari. Kupitia kwa Albright alikutana na Neil Reshen, meneja wa New York aliyekuwa akimsimamia mwanamuziki wa jazi Miles Davis, mtu ambaye hakuwa na deni la adabu kwa Nashville. Mkataba mpya ambao Reshen aliupigania dhidi ya RCA ulimpa Jennings malipo ya awali ya dola 75,000, mrabaha bora, yaani fungu la msanii katika kila nakala inayouzwa, na zaidi ya yote mamlaka karibu kamili juu ya rekodi zake. Kwa msanii wa pop wa Los Angeles masharti hayo yalikuwa ya kawaida. Kwa mwimbaji wa kantri yalikuwa mapinduzi.

Matunda yalionekana upesi. Mwaka 1973 ilitoka albamu ya Honky Tonk Heroes, ambayo nyimbo zake zote isipokuwa moja zilitungwa, peke yake au kwa kushirikiana na wengine, na Billy Joe Shaver, mtunzi wa Texas ambaye hakuwa anajulikana, na ndani yake bendi ya Jennings, The Waylors, ilisikika hatimaye kwenye santuri. Kisha akavunja kanuni ya studio kwa kurekodi katika jumba la mwimbaji Tompall Glaser, lililoitwa kwa utani Hillbilly Central, ambako wanamuziki walikesha bila kuhesabiwa saa, na mwaka 1974 This Time ukawa wimbo wake wa kwanza kushika namba 1 katika chati ya kantri. Sauti yenyewe ilikuwa na alama zinazotambulika hata na sikio lisilozoea: ngoma ya chini na besi vimesogezwa mbele kama katika roki, gitaa la nyuzi za chuma la Ralph Mooney, ambalo hupigwa likiwa limelazwa, linalia juu yake, na katikati kuna gitaa la Jennings, Telecaster la mwaka 1953 lililovishwa ngozi nyeusi yenye maua meupe ya kuchongwa, likipitishwa kwenye kifaa kinachoifanya sauti izunguke kama inayotoka kwenye bomba. Katika wimbo Are You Sure Hank Done It This Way wa mwaka 1975 mdundo mmoja mzito unakwenda toka mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, na ujasiri wa kuuacha hivyo ulivyo, bila kwaya wala mapambo, haungewezekana chini ya utaratibu wa zamani.

Jessi Colter hakuwa pambo la hadithi hii. Alizaliwa Phoenix mwaka 1943 kwa jina la Mirriam Johnson, binti wa mama mhubiri wa Kipentekoste, na alikuwa mpiga piano wa kanisa tangu utotoni. Aliolewa kwanza na mpiga gitaa Duane Eddy, kisha mwaka 1969 akaolewa na Jennings, ambaye hiyo ilikuwa ndoa yake ya nne na ya mwisho. Jina lake la kisanii alilichukua kwa babu wa kale ambaye familia ilisimulia kwamba alikuwa katika genge la jambazi Jesse James. Wimbo wake I'm Not Lisa, alioutunga mwenyewe, ulishika namba 1 ya kantri na namba 4 ya pop mwaka 1975, na kufika juu namna hiyo katika chati ya pop mume wake hakuwahi kukukaribia. Wanaoandika kuhusu kantri ya waasi kana kwamba ilikuwa klabu ya wanaume wanasahau kwamba mwanamke huyu alikuwa ndani yake kwa haki ya kazi yake.

Mwezi Januari 1976 RCA ilitoa albamu ya Wanted! The Outlaws, iliyokusanya nyimbo za Jennings, Colter, Willie Nelson na Tompall Glaser, nyingi zikiwa zimekwisha kutoka zamani, ndani ya jalada lililochorwa kama tangazo la kutafutwa kwa majambazi wa karne ya 19. Ilikuwa albamu ya kwanza ya kantri kuthibitishwa kuuza nakala 1,000,000. Kwa hiyo kampuni iliyowahi kumnyima Jennings bendi yake ndiyo iliyouza uasi wake kwa faida kubwa, na kuanzia hapo picha ya jambazi ikawa na nguvu kuliko hoja ya mkataba.

Jennings aliona madhara ya picha hiyo mapema kuliko mashabiki wake. Agosti 1977 maofisa wa kupambana na dawa za kulevya waliingia studio alimokuwa akirekodi wakifuata kifurushi cha kokeni kilichotumwa kutoka New York. Dawa ilitupwa chooni kabla haijapatikana, mashtaka yakafutwa, naye mwaka 1978 akatoa wimbo Don't You Think This Outlaw Bit's Done Got Out of Hand, kulalamikia mahali ambapo sifa ya uasi ilikuwa imemfikisha. Hata hivyo uraibu haukukoma. Kwa maelezo yake mwenyewe alifikia kutumia dola 1,500 kwa siku, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sauti yake ikisikika kila wiki katika nyumba za Wamarekani kama msimulizi wa tamthilia ya The Dukes of Hazzard, alikuwa na deni la zaidi ya dola 2,000,000. Mwaka 1984 alikodi nyumba Arizona pamoja na Colter, akaacha kokeni, akalipa madeni kwa kurudi barabarani. Shooter, aliyezaliwa mwaka 1979 na kupewa jina la Waylon Albright kwa heshima ya yule mpiga ngoma, alikua akilala ndani ya basi la ziara. Na ili kijana huyo aone thamani ya shule, baba yake alifanya mtihani wa cheti cha sekondari na kufaulu mwaka 1989, akiwa na miaka zaidi ya 50.

Tukio moja la miaka hiyo linamhusu msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Usiku wa tarehe 28 Januari 1985, nyota wa Marekani walipokusanyika Los Angeles kurekodi We Are the World kwa ajili ya waathirika wa njaa ya Ethiopia, Stevie Wonder alipendekeza mstari wa Kiswahili, na masimulizi ya waliokuwepo, yaliyorudiwa katika filamu ya makala ya mwaka 2024, yanasema kwamba Jennings aliondoka studio kwa sababu hiyo. Inasikitisha kidogo kwa mtu aliyeanza kazi yake kwa kuimba Kifaransa asichokijua, ingawa pingamizi lililoliangusha pendekezo lilikuwa la haki, kwani Kiswahili si lugha ya Ethiopia. Mwaka huohuo aliungana na Johnny Cash, Willie Nelson na Kris Kristofferson katika kundi la The Highwaymen, lililompa tena namba 1.

Kisukari kilimdhoofisha pole pole. Mwaka 2001 alipoingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri hakuhudhuria, bali alimtuma mmoja wa wanawe. Desemba alikatwa mguu, na tarehe 13 Februari 2002 akafariki Chandler, Arizona, akiwa na miaka 64. Colter aliendelea kurekodi, ikiwemo albamu ya Zaburi mwaka 2017, na Shooter, baada ya miaka ya kuimba mwenyewe na hata kumwigiza baba yake katika filamu ya Walk the Line, alijijengea jina kubwa zaidi kama msimamizi wa rekodi, akishiriki kutengeneza albamu za Brandi Carlile na Tanya Tucker zilizopata tuzo za Grammy. Kazi aliyoichagua ni ileile ambayo baba yake aligombana nayo, naye anaifanya kwa namna ambayo baba aliidai, akimwacha mwimbaji aamue. Mwaka 2025 alitoa Songbird, albamu iliyotokana na kanda ambazo Jennings alirekodi na The Waylors kwa wakati wake mwenyewe katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na palipokuwa na pengo aliwaita wanabendi waliobaki hai waje wajaze sehemu zao.