Rubani wa Bahari na Rubani wa Hewa

Lugha yetu haikuhangaika kuunda neno jipya siku ndege zilipoanza kutua visiwani. Ilikwenda bandarini ikamchukua rubani, yule mjuzi aliyekiongoza chombo baina ya miamba na mafungu, ikampandisha angani na jina lake lile lile. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara kuliko walivyodhani waliouanzisha. Hesabu anayoifanya mwanafunzi wa urubani leo kabla hajawasha injini ni mjukuu wa hesabu zilizofanywa juu ya majahazi, na mmoja wa wakubwa wa elimu hiyo alikuwa mshairi. Wapenzi wa mashairi wana haki ya kuudai urithi huu.

Mshairi huyo ni Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar, mji uliokuwa karibu na ilipo Ras al-Khaimah ya leo. Aliishi katika karne ya 15, na kitabu chake kikubwa cha nathari juu ya misingi ya elimu ya bahari kilikamilika kiasi cha mwaka 1490. Lakini sehemu kubwa ya maarifa yake aliitunga kwa beti za bahari ya rajazi, na mojawapo ya tungo hizo, Sufaliya, inaeleza njia ya kufika Sofala kwa kuufuata mwambao wetu huu. Msomaji wa leo huenda akashangaa: kwa nini vipimo vya nyota na majina ya bandari vitiwe katika shairi? Jawabu analijua kila aliyewahi kuhifadhi utenzi. Karatasi hulowa, na usiku wa dhoruba hausomeki kitabu. Beti hukaa kichwani. Zaidi ya hayo, shairi hujilinda lenyewe: neno likidondoka, mizani huchechemea, na msomaji hujua papo hapo kuwa pana kilichopotea. Urari wa mizani ulikuwa mlinzi wa hesabu.

Hesabu zenyewe zilikuwa za vidole. Baharia alikishika kibao kidogo chenye uzi uliopigwa mafundo, akapima kimo cha nyota juu ya upeo wa macho. Duara zima lilikuwa na vidole 224, hivyo kidole kimoja ni digrii 1 na dakika 36 kwa vipimo vya sasa. Nyota kuu ya kupimia ilikuwa Jaa, ile isiyohama kaskazini. Na kwa kuwa kadiri unavyoshuka kusini Jaa huzama, walipima pia nyota nyingine zinazoizunguka, kama Farkadani. Mwenye kujua kimo cha nyota katika bandari aendayo hakuhitaji kuilenga bandari yenyewe. Alikwenda mpaka nyota ikafika kimo hicho, kisha akageuza omo na kuufuata mstari huo hadi nchi ikaonekana. Hila hii tuikumbuke, maana tutakutana nayo tena, miaka mia nne na zaidi baadaye, ndani ya ndege.

Lakini nyota ni nusu ya elimu. Nusu ya pili ni upepo. Kalenda ya mwezi haiwezi kutoa tarehe ya kaskazi wala ya kusi, kwa kuwa miezi yake huzunguka misimu yote. Kwa hiyo mabaharia walihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365, na sisi wa mwambao tukaugawa mwaka huo katika miongo ya siku kumi kumi. Wanaoshangilia Mwaka Kogwa kule Makunduchi kila Julai wanaiadhimisha, wakijua wasijue, siku ya kwanza ya kalenda iliyowafaa mkulima na nahodha pia.

Bei ya kuidharau kalenda hiyo imeandikwa. Tarehe 24 Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo. Wapo wanaosema rubani huyo alikuwa Bin Majid mwenyewe, lakini maandishi ya Wareno yanamtaja kuwa mtu wa Gujarati, na wanahistoria wengi leo hawaikubali habari ile ya kwanza. Vyovyote alivyoitwa, aliujua msimu: tarehe 20 Mei walitia nanga karibu na Calicut, siku 26 tu. Wakati wa kurejea, da Gama hakusubiri. Aliiacha pwani ya India tarehe 5 Oktoba, tanga mbili, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Shwari na pepo za omo zikamweka baharini siku 89 mpaka alipoiona Mogadishu tarehe 2 Januari 1499. Watu 30 walikufa njiani kwa maradhi ya kukosa vyakula vibichi, na muda si mrefu moja ya merikebu zake ilichomwa moto katika pwani ya Tanga, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuiendesha. Bahari ilikuwa ile ile, na mkuu wa msafara yule yule. Kilichotofautiana ni hesabu ya hewa.

Sasa tumtazame rubani wa pili. Mwanafunzi anataka kuruka kutoka Unguja kwenda Pemba. Baina ya viwanja viwili vya ndege pana maili za bahari 68 hivi, na mwelekeo ni digrii 31 kutoka kaskazini halisi. Ndege yake hukata hewa kwa maili 100 kwa saa. Siku ya shwari atafika kwa dakika 41. Lakini kaskazi ikivuma kwa maili 20 kwa saa na kumkabili usoni, mwendo wake juu ya ardhi ni maili 80, na safari ni dakika 51. Akirudi siku hiyo hiyo upepo ukiwa wa tezi, atatumia dakika 34. Jumla ni dakika 85, wakati siku ya shwari angetumia 82. Upepo haurudishi chote ulichokopa, kwa kuwa muda unaokuwa dhidi yako ni mrefu kuliko muda unaokuwa nawe. Mafuta ya dakika hizo hayapatikani hewani, na ndiyo maana kanuni za nchi nyingi humtaka rubani wa mchana abakishe akiba ya angalau nusu saa.

Ikiwa upepo ni kusi itokayo kusini-mashariki, ubavuni kabisa, hesabu hubadilika. Akiielekeza pua ya ndege Pemba moja kwa moja, katika dakika zile 41 upepo utamsukuma maili 13 na nusu, naye atajikuta juu ya mkondo wa Pemba, maji matupu chini yake na kisiwa kikiwa mashariki. Dawa yake ni kuchora pembetatu: mstari mmoja wa upepo, mmoja wa ndege ndani ya hewa, na wa tatu wa njia juu ya ardhi. Pembetatu hiyo itamwambia aielekeze pua zaidi kidogo ya digrii 11 upande unakotoka upepo. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa sababu upepo huitwa kwa unakotoka, na safari huitwa kwa inakokwenda. Aliyekulia mwambao haoni ajabu: tangu lini kaskazi ikatoka kusini?

Ile hila ya Bin Majid ilirejea mwaka 1931. Mwingereza Francis Chichester alitaka kuvuka bahari ya Tasman, peke yake, kutoka New Zealand hadi Australia, na ndege yake ndogo ya Gipsy Moth haikuweza kubeba mafuta ya safari nzima. Ilimbidi akitafute kwanza kisiwa cha Norfolk, chenye urefu wa kilomita 8 hivi, zaidi ya kilomita 700 kutoka alikoanzia. Jua alilolipima kwa sekstanti, huku akiiendesha ndege, lingeweza kumpa mstari mmoja tu: yupo mahali fulani juu ya mstari huu, basi. Angekilenga kisiwa akakikosa, asingejua ageuke kulia au kushoto. Hivyo alilenga pembeni kwa makusudi. Jua lilipomwambia kuwa yuko juu ya mstari unaopita kisiwani, akageuka upande mmoja tu uliowezekana, na kisiwa kikajitokeza. Miaka 35 baadaye mtu huyo huyo akaanza kuizunguka dunia peke yake kwa mashua ya matanga; rubani wa hewa akarudi kuwa nahodha.

Si wote waliobahatika. Tarehe 2 Julai 1937 Amelia Earhart na Fred Noonan, msoma njia mwenye uzoefu mkubwa, waliondoka Lae kukitafuta kisiwa cha Howland kiasi cha kilomita 4,100 mbali, wala hawakufika. Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 Mmarekani Philip Dalton alibuni kibao cha duara chenye kuzunguka, ambacho upande mmoja hukokotoa muda na mafuta na upande wa pili huchora pembetatu ya upepo. Kibao hicho bado kimo katika mikoba ya wanafunzi wengi, ingawa setilaiti zinawaonesha mahali walipo. Chombo cha umeme kinaweza kuzimika. Tena, asiyewahi kuichora pembetatu kwa mkono wake hawezi kushtuka pale mashine inapomwambia uongo.

Hapa ndipo ilipo haja yangu. Mwanafunzi wetu wa leo hujifunza hayo yote kwa Kiingereza, na hiyo ni lazima, maana ndiyo lugha ya mawasiliano ya kimataifa angani. Lakini huondoka darasani akidhani kuwa elimu hiyo ni ngeni kwao, kumbe babu yake alikuwa na omo na tezi, joshi na demani, matlai na umande, na ramani aliyoiita rahamani. Mabaharia wa Kiarabu walimwita mjuzi wa njia muallim, na neno hilo ndilo tulilompa mwalimu wa skuli. Maneno haya yanakufa pamoja na manahodha wazee, na ushairi wetu, uliokuwa ukiyahifadhi, unayatumia siku hizi kama mapambo bila kujua uzito wake. Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio. Kwanza lazima uijue iliyo yako, inachomoza wapi, na ina kimo cha vidole vingapi juu ya maji.